Maziwa Yaliyofika Mapema

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alipima maziwa ya watu kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwona akicheka kabla ya saa tatu asubuhi. Foleni ikiisha, kopo la mwisho likishamiminwa kwenye tangi, ndipo uso ulipolegea akawa mtu kama watu, mwenye utani na mwenye kupenda chai iliyozidi sukari. Kabla ya hapo usimguse. Wafugaji walimwita Hakimu, mbele yake na nyuma yake, naye alilipenda jina hilo kuliko alivyotaka tujue. Mimi nasema wazi kwamba lilimharibu.

Kituo cha kukusanyia maziwa kilikuwa jengo la vyumba viwili, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka ikaanza kutoa mchanga, na baraza refu mbele ambako meza yake ilikaa. Mimi ni fundi cherehani, na chumba changu cha kushonea kinatazamana na baraza hilo, hatua ishirini tu kati yetu. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuletewa na majirani. Niliyaona mwenyewe, sindano mkononi.

Kifaa chake ukikiona utakidharau. Ni kichupa cha kioo, chini kina tumbo lililotiwa punje za risasi ili kisimame wima, juu kina shingo nyembamba yenye mistari na namba. Unajaza maziwa kwenye gilasi ndefu, unakiachia humo taratibu, kinazama, kinapanda, kinacheza kidogo, kisha kinatulia. Unasoma namba pale uso wa maziwa unapoishika shingo. Maziwa ni mazito kuliko maji, kwa hiyo maziwa safi hukibeba juu. Yakitiwa maji yanakuwa mepesi, kifaa kinadidimia, na namba inashuka. Ishirini na saba kwenda juu, pita. Chini ya hapo, mwenye maziwa anabeba kopo lake mwenyewe mpaka kwenye mfereji wa kando ya lango na kuyamwaga huku watu wote wakimtazama. Akirudia ndani ya mwezi mmoja, anafutwa uanachama, na jina lake linaandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao uliopigiliwa langoni.

Shangazi alikihifadhi kifaa hicho ndani ya soksi ya sufu ya mtoto mchanga, na hakuruhusu mtu mwingine kukishika. Alikijua kama mama anavyomjua mwanawe mtukutu, na alijua kasoro yake moja: hakijui kutofautisha maji na joto. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, yakiwa bado na moto wa ng'ombe na povu lake, huwa mepesi, na kifaa hudidimia hata kama halijaingia tone la maji. Zamani kulikuwa na kipimajoto cha kusahihishia namba. Kilivunjika katika mwaka wake wa tatu wa kazi, ofisi ikaahidi kuleta kingine, na ahadi hiyo ikawa inarudiwa kila mwaka.

Shangazi akabaki na mkono wake. Kila kopo lililowekwa mezani aliligusa kwanza kwa mgongo wa kiganja. Likiwa na joto, hakupima. Alisema tu, "Weka kivulini, ukae pale, nitakuita." Mtu alikaa kwenye benchi nusu saa, saa nzima, maziwa yakapoa, ndipo akaitwa. Hakuwahi kumweleza yeyote sababu. Wafugaji wachache walioishi karibu na kituo, ambao maziwa yao ndiyo yalifika na joto, walidhani ni maringo, kwamba Hakimu anapenda kuwaweka watu. Na kweli alipenda kidogo, simsingizii.

Sasa baba yangu. Alikuwa kitindamimba kwao. Wazazi wao walifariki akiwa na miaka minne, na dada yake alikuwa na kumi na saba. Dada huyo ndiye aliyembeba mgongoni, akamsomesha mpaka darasa la saba, akakataa mchumba aliyesema mtoto abaki kwa majirani. Baba alikua akamzidi kimo, akaoa, akazaa, lakini dada yake akiingia nyumbani yeye alisimama. Ukimwambia baba kwamba jua limechomoza alitoka nje kutazama. Akiambiwa na dada yake, aliamini akiwa kitandani.

Alikuwa na ng'ombe watatu, na kutoka nyumbani hadi kituoni alitembea saa moja na nusu, kopo begani. Alifika wa mwisho kila siku, maziwa yamepoa njiani, na namba yake haikushuka chini ya ishirini na tisa. Siku zote alilalamika kwamba yeye ndiye mkia wa foleni. Mwaka ule akauza ndama na kununua baiskeli. Mnashangaa nini, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili aliifuta baiskeli ile kwa shati lake. Saa moja na nusu ikawa dakika ishirini na tano.

Asubuhi ya kwanza ya baiskeli alifika wa nne. Namkumbuka alivyoegemeza baiskeli ukutani akiwa anahema na anatabasamu, akanipungia mkono. Foleni ilikuwa na kinyozi mmoja mwenye ng'ombe wawili na ulimi wa watu kumi. Wiki iliyotangulia jirani yake alikuwa amemwagishwa maziwa, na maneno yalishaanza kupita, kwamba wengine wanamwagishwa na ndugu wa Hakimu hashikiki. Baba alipoweka kopo mezani, kinyozi akapaza sauti, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha!"

Foleni nzima ikacheka. Nilimwona shangazi akiweka mgongo wa kiganja kwenye kopo. Mkono ulikaa pale, ukakaa tena, halafu akautoa na kuupangusa kwenye aproni. Akajaza gilasi, akakiachia kifaa.

"Ishirini na tano."

Baba alicheka. Alidhani dada yake, kwa mara ya kwanza maishani, anafanya utani kabla ya saa tatu. "Dada, hebu soma tena."

Akasoma tena. "Ishirini na tano. Mfereji uko kule, unaujua."

Hakuna aliyecheka tena, hata kinyozi. Baba alibeba kopo lake akamwaga, na alimwaga vibaya, nusu ikamrukia miguuni kwa sababu hakuwa amewahi kufanya kazi hiyo. Kisha akaja kwangu akakaa juu ya furushi la vitambaa.

"Kuna kitu kimeingia humo," akasema.

"Labda kifaa kimekosea, baba."

"Wewe unaweza kukosea. Mimi naweza kukosea. Shangazi yako hakosei." Aliyatamka hayo kama mtu anayejifariji, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Kesho yake alitaka kumaliza ubishi. Alimwita jirani yetu seremala aje ashuhudie akikamua, kuanzia chuchu ya kwanza mpaka ya mwisho. Wakafunga mfuniko, wakaukaza kwa waya. Ili mtu asije akasema walisimama mtoni, walikwenda mbio. Baba akiendesha, seremala nyuma, kopo mapajani kama mtoto anayepelekwa hospitali. Walitumia dakika kumi na nane. Mfuniko ulipofunguliwa mezani, mvuke ulitoka, niliuona kwa macho haya. Yaani maskini baba yangu, kwa kutaka kuonyesha usafi wake, aliyaleta maziwa yakiwa na moto kuliko ya jana.

Safari hii shangazi hakuligusa kopo kabisa.

"Ishirini na nne."

Seremala akaanza kula viapo, akamtaja Mungu, akataja na watoto wake. Kinyozi akasema, "Shahidi naye anakunywa chai nyumba hiyohiyo," halafu akaongeza, "Jana mtu kamwaga maziwa, leo kamwaga unga." Mwenyekiti wa ushirika aliitwa, akasoma kanuni, akasikitika kama wenyeviti wanavyosikitika, na kabla ya saa nne jina la baba lilikuwa langoni, rangi mbichi inachuruzika. Siku hiyo watu walimsalimia shangazi kwa kuinamisha vichwa. Kinyozi mwenyewe alimletea andazi. Hakimu amemhukumu damu yake! Nani tena atamtilia shaka?

Mimi nilimpa heshima hiyo pia, na hilo linaniuma. Nilimchukia na kumheshimu kwa wakati mmoja.

Yaliyofuata nyumbani kwetu yalikuja polepole. Baba alikaa na fumbo lake. Ng'ombe ni wake, amekamua mwenyewe, seremala ametazama. Na namba ni ya dada, haiguswi. Basi maji yameingia wapi? Siku ya tano akapata jibu. Walitazama ng'ombe, lakini nani alitazama ndani ya kopo? Na kopo nani aliliosha? Nani alimkabidhi, asubuhi zote mbili, mlangoni pa jikoni?

Mama.

Wallahi sikuamini masikio yangu. Mama na shangazi, mawifi kwa miaka ishirini na sita, walikuwa na ugomvi wao wa kawaida. Mama alizoea kutania kwamba nyumba ile ina wake wawili, yeye na dada mtu. Utani wa miaka yote hiyo baba aliuchimbua sasa, mmoja baada ya mwingine, akaupanga, ukawa ushahidi. Akamwambia, ulitaka kumwaibisha dada yangu. Uliacha maji kwenye kopo makusudi, ili ashindwe kunihukumu watu wamseme, au anihukumu tugombane. Mama aliapa, alilia, kisha akakasirika. Baba hakumpiga. Alianza tu kujichotea maji yake mwenyewe, kujioshea sahani, kujipikia kwenye sufuria ndogo kwenye kona. Aliketi akila na mgongo kwetu.

Mama alivumilia miezi miwili. Asubuhi moja aliniambia, "Mwanangu, mtu anayejipikia ana mke wa nini?" Akafunga nguo zake kwenye khanga mbili akaenda kwa kaka yake. Baba alimtazama akipita uani akaendelea kuchanja kuni.

Maziwa hayakununuliwa tena na mtu. Hata wasiokuwa wanachama walisoma ubao. Watoto wa shule wakampa baba jina, Baba Bomba, wakawa wanaliimba akipita, naye anapita kama kiziwi. Ng'ombe waliuzwa mmoja mmoja. Baba akaenda kuponda kokoto, na baiskeli ikabaki ukutani na tairi zake zimelala.

Na shangazi? Shangazi alikuja kila Jumapili. Alileta unga, alileta sabuni, alifua nguo za mdogo wake, alimfagilia nyumba. Sisi tukasema, mwanamke gani huyu mwenye moyo! Alikonda. Aliacha kunywa maziwa, hata kwenye chai. Wanasema majuto ni mjukuu, lakini ya kwake hayakungoja ukoo ukue, yalizaliwa palepale mezani.

Baada ya miezi minane ofisi ikaleta kipimajoto. Aliyekileta alikuwa bibi afisa, mtu mpole mwenye miwani, akawakusanya wapimaji wa vituo vyote pale barazani na kuwafundisha: kwa kila digrii inayozidi ishirini, ongeza sehemu moja ya tano kwenye namba. Akachemsha chemsha maziwa mazuri kidogo, akapima, kifaa kikadidimia. Yakapoa, kikapanda. Wapimaji wengine wakasema "Aaa!"  Shangazi alivua aproni, akavuka zile hatua ishirini, akaingia chumbani kwangu.

"Funga mlango."

Nikafunga. Akanipa kikaratasi. Alikuwa amepiga hesabu: ishirini na tano, kwa joto la ng'ombe ongeza tatu na kitu. Ishirini na nane.

"Maana yake nini hii?" nikauliza, ingawa nilishaanza kuelewa.

"Maziwa ya baba yako yalikuwa mazima. Siku zote mbili."

"Kwa hiyo hukujua. Hukuwa na kipimajoto."

Angeweza kusema ndiyo. Njia ya kutokea ilikuwa wazi kabisa kwake, mimi mwenyewe nilimfungulia. Namhesabia hilo.

"Nilijua," akasema. "Kopo lilikuwa la moto. Ingekuwa mtu mwingine ningemwambia akae kivulini. Lakini yule kinyozi alishasema neno lake, na wote wale wananitazama. Nikasema nikimweka kivulini watasema namfichia ndugu yangu ayarekebishe. Nikasema leo watajua mimi si wa kupendelea. Siku ya kwanza tu, nikasema, kesho atakuja taratibu, yataisha. Nani alijua atakuja mbio zaidi?"

"Na kesho yake?"

"Kesho yake ningesemaje? Kwamba jana nilikosea?"

Mkasi ulikuwa mezani. Sikuushika, lakini niliutazama, na yeye aliona nimeutazama. "Mama ameondoka," nikasema. "Umekuja Jumapili zote hizo, umefua nguo, umekula kwetu, na mama ameondoka!"

"Kila Jumapili nilikuja kusema. Nikifika ananipa kiti, anasema, 'Dada, wewe peke yako ndiye hukunidanganya.' Ulimi unakufa." Alilia, bila kitambaa, kamasi na machozi, mwanamke wa miaka sitini na tano. Sikumfuta. Nilimwambia kuna mkutano mkuu wa wanachama Jumamosi, na kama ana haya hata ya punje, akaseme huko, mbele ya walewale waliocheka.

Alikwenda. Hilo pia namhesabia. Mimi nilimburuta baba, hakujua anaitiwa nini, tukakaa benchi la nyuma. Ajenda ilipofika mengineyo, shangazi akasimama katikati ya uwanja wa kituo. Alisema yote. Alieleza joto, povu, mkono wake, benchi la kivulini, maneno ya kinyozi, hofu yake. Alitaja namba. Aliomba jina la mdogo wake lifutwe langoni, na yeye afukuzwe kazi. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, na nikafikiri, sasa yamekwisha.

Watu walitazamana. Kisha nikasikia mtu aliyesimama nyuma ya benchi letu akimnong'oneza mwenzake, "Mwamba ngoma huvutia kwake." Mwenzake akajibu, "Muda wote huo ndiyo anakumbuka? Kamwonea huruma tu mdogo wake." Mwanamke mmoja wa mbele alikuwa anafuta machozi. Alikuwa anamlilia dada mwema anayejitwisha aibu ya nduguye. Walimjua kwa miaka kumi na tisa kuwa mtu asiyedanganya, na siku aliyowaambia ukweli wakaona ndio uongo wake wa kwanza, wakaupenda. Mwenyekiti akasimama, akasafisha koo, akasema ushirika unathamini mapenzi ya kifamilia, lakini kumbukumbu ni kumbukumbu. Akauliza kama mhusika mwenyewe ana neno.

Nikamsukuma baba begani. "Simama. Simama useme!"

Akasimama, kofia mkononi.

"Mwenyekiti, wanachama. Huyu dada amenilea. Alinibeba nikiwa mdogo, na leo mnamwona anataka kunibeba tena. Mimi namshukuru, lakini nimekua, sibebeki. Maji yalitiwa. Yalitiwa nyumbani kwangu, na aliyeyatia hayupo tena. Msimfukuze mama wa watu kazi kwa ajili yangu."

Wakapiga makofi. Kinyozi alipiga makofi zaidi ya wote, akasimama kabisa. Shangazi alibaki pale katikati akigeuka huku na huku, anasema, "Sikilizeni! Nisikilizeni basi!" na kila aliyemsogelea alimshika mkono kwa upole akamwambia, "Tumekuelewa mama, pole, kaa."

Nilimfuata baba nje mpaka barabarani.  Nikamwambia amesikia, ameelezwa vizuri, hata mtoto wa darasa la kwanza angeelewa. Kwa nini amefanya vile?

Aliigeuzageuza kofia mkononi.

"Kama ni hivyo asemavyo dada," akasema, "mama yako nilimfukuzia kosa gani?"

 Akavaa kofia yake akaenda machimboni, na ilikuwa bado mapema, aliwahi zamu ya mchana.

Jumatatu shangazi alikuwa mezani saa kumi na mbili, kwa sababu hakuna aliyekubali kuipokea barua yake ya kujiuzulu. Nilimpigia mama simu nikamweleza yote, neno kwa neno. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Na baba yako amesemaje?"

Nikamwambia alivyosema baba mbele ya watu, halafu nikamwambia alivyosema barabarani.

"Kumbe anajua," akasema mama, na akakata simu.